Mpira wa Kifuniko cha Tangi

Nilikaa eda katika chumba chenye dirisha moja. Dirisha hilo linaelekea uani, mahali ambapo mume wangu alikuwa akiegesha gari lake, na siku aliyozikwa, mtu mmoja alilirudisha gari pale pale, ubavu wenye mdomo wa tangi ukitazama kwangu. Kwa miezi minne na siku kumi hilo ndilo lililokuwa jirani yangu.

Pazia la dirisha lilikuwa la kijani na sikulifungua. Mwanamke wa eda haonekani na wanaume wasio maharimu wake, na sisi huku Kikoneni jambo hilo hatulifanyii mzaha. Kwa hiyo sikuona. Nilisikia tu. Kulia pia sikulia sana. Watu waliokuja kunipa pole walinikuta macho makavu, wakaondoka wakinong'ona. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Ukiuminya unaona kwamba unauminya, lakini uchungu hauji.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani ya dizeli, milango minne, gia za mkono. Mume wangu alikuwa akibebea machungwa na mihogo kutoka mashamba ya huku mpaka Ukunda, na msimu wa machungwa ukipita alikwenda Kinango mnadani kununua mbuzi. Nilikaa kando yake miaka kumi na tisa. Hatukujaaliwa watoto, basi mara nyingi nilifunga mlango wa nyumba nikapanda naye. Sijapata kuendesha, na shule niliishia darasa la saba, lakini sauti ya gari lile niliijua. Nilijua lini linataka gia ya tatu kabla yeye hajaitia.

Siku aliyokufa aliswali alfajiri, akatoka kukaa barazani, kisha akaniita. Alisema kifua kinambana na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Alikuwa na jasho kama aliyetoka kulima. Mdogo wake, shemeji yangu, alikuwa amelala kwetu kwa kuwa hakuwa na zamu. Yeye ni dereva wa hoteli moja Diani. Nilimwamsha. Tukamlaza mume wangu kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na mavyaa wangu, mama yao wote wawili, akabaki mlangoni na tasbihi yake. Tukaondoka kwenda hospitali Msambweni.

Mwanzo gari lilikwenda vizuri. Baada ya robo saa hivi likaanza kuvuta na kuachia. Linashika mwendo, linalegea, linashika tena kwa mshtuko, kama ng'ombe anayeburutwa asikotaka kwenda. Shemeji akashusha gia, akapandisha, akashusha. Penye kilima kabla ya kuteremkia lami lilikaribia kuzima. Alisimama, akafungua boneti, akaipiga pampu ya mkono ya kusukuma mafuta, tukaondoka, likaanza tena. Tangi hakulitazama. Hakuwa na sababu, kwa maana mume wangu alilijaza jana yake kwa safari ya Kinango.

Mume wangu akafumbua macho. Akasema, "Mwambie aondoe mguu kwenye klachi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa. Alisema mengine baadaye lakini hayakushikana.

Hospitali alipokewa akiwa hai. Adhuhuri ilipoadhiniwa hakuwa hai.

Jioni mavyaa aliniuliza mwanawe alisema nini mwisho. Nadhani wengi wangemtafutia neno jema, wangemwambia alitamka shahada. Mimi nilimwambia aliyoyasema. Nilidhani mama ana haki ya kujua, na sikufikiri maneno yale yatamwangukia nani.

Yalimwangukia shemeji. Siku ya hitma, uani kumejaa watu, nilimsikia mavyaa akimwambia, "Umezoea magari ya wazungu yanayojitia gia yenyewe. La kaka yako lilitaka mguu wa mtu mzima." Hakupaza sauti. Watu walinyamaza, kisha sahani zikaanza kugongana tena. Tangu siku ile shemeji akija akasema shikamoo, mama yake aliitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa. Chakula alimwachia kimefunikwa mezani, hakumpakulia. Shemeji alikaa barazani siku nzima ya mapumziko yake, hakuna aliyemsemesha, na jua likianza kupinda alipanda bodaboda akarudi kazini. Gari la kaka yake hakuligusa.

Mwezi wa pili wa eda, asubuhi moja, alikuja akasimama upande wa nje wa pazia.

"Asalaam alaykum, shemeji."

"Wa alaykum salaam."

"Nimemleta fundi alitazame gari. Mtasikia makelele, mtuwie radhi."

"Haidhuru."

Nilidhani ameondoka. Kumbe yupo.

"Nataka kujua kama ni mimi," akasema. "Kama ni mimi nitalibeba. Lakini nilibebe nikilijua."

Nikasikia viatu vyake vikirudi kwenye gari.

Fundi alikuwa kijana wa bara mwenye gereji Ukunda, na nilimjua kwa kinywa chake kabla sijajua jambo jingine lolote juu yake.

"Wee! Hii mzee bado iko na roho!" alisema injini ilipowaka mara ya pili tu, baada ya kukaa karibu miezi miwili. "Nani alikuwa anaitunza?"

"Marehemu."

"Ah. Pole, kaka. Pole sana." Akafungua boneti. "Sasa skiza. Dizeli ni vitu viwili tu, mafuta na hewa. Ikipata hizo mbili haina maneno. Ikimisi, ikiruka ruka, ujue moja imekatika mahali. Kazi yetu ni kutafuta wapi."

Basi wakaanza kutafuta, nami nikawa natafuta nao nikiwa nimekaa kitandani. Alikanyaga mafuta polepole, injini ikapanda sawasawa. Akakanyaga ghafla, ikapanda. Alisema hakuna moshi mweusi wala mweupe. Alitoa chujio la hewa akaligonga gonga chini, nikasikia mavyaa akikohoa kwa vumbi huko jikoni. Akafungua filta ya dizeli. Kisha akaingiza mpira mwembamba katika tangi, akavuta mafuta kidogo aone kama yana maji, na hapo ndipo ugomvi ulipotokea.

"We kijana! Hiyo bilauri umeitoa wapi?"

"Hapa kwa meza, shosho. Nataka kuona maji chini."

"Hiyo ni bilauri ya wageni! Umenitilia dizeli!"

"Nitaiosha na Omo, shosho."

"Na mimi si bibi yako. Shosho wako yuko huko kwenu milimani anakula viazi."

"Hata viazi hakuna siku hizi, shosho. Mvua imekataa."

Nikamsikia mavyaa akiguna. Lilikuwa guno lenye kicheko ndani yake, la kwanza tangu msiba. Nilijua ni kitu cha kufurahisha. Nilikijua tu, sikukihisi.

Maji yalikuwepo katika bilauri lakini ni kidogo, ya kufunika ukucha, fundi akasema hayo hayawezi kulisumbua gari. Akabadilisha filta hata hivyo. Akaunga kipande cha mpira unaoonekana ndani ili atazame kama mafuta yanapita na mapovu, maana bomba likiwa na tundu hupenyeza hewa. Hakuna povu. Mwisho akaijaribu klachi. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia mguu. Injini ikazima papo hapo.

"Umeona? Klachi inashika. Ingekuwa imeisha injini ingeendelea kulia tu."

Wakatoka nalo mpaka shuleni na kurudi. Nilisikia likiondoka na nikalisikia likija, na lilikuwa linakwenda kama mume wangu alivyokuwa akiliendesha.

"Kaka, nikuambie ukweli?" fundi akasema alipoteremka. "Gari haina kitu. Hiyo kuvuta na kuachia ni mguu. Otomatiki imekuharibu. Ukikanyaga mafuta na klachi haijarudi vizuri, lazima iruke ruke."

"Si nilisema?" Mavyaa huyo, kutoka jikoni.

Nilisikia vyuma vikitiwa katika mkoba mmoja mmoja, na bodaboda ya fundi ikiondoka. Shemeji alibaki. Alikuwa upande wa pili wa ukuta wangu, ameegemea gari, kwa maana kila akijisogeza bati la mlango lilikuwa likibonyea na kurudi. Nilikaa nikisikiliza lile bati.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikuwa nimelisahau. Nililijua wakati wote, ila sikuwa nimeliweka karibu na hili jingine. Siku zile akili yangu ilikuwa hivyo, kila kitu kilikuwepo na hakuna kilichogusana na kingine.

"Shemeji," nikaita.

Bati likatulia. "Labeka."

"Liliwahi kufanya hivyo na kaka yako. Njia ya Kinango, mimi nimo ndani. Lilivuta na kuachia vile vile."

"Lini?"

"Kama wiki tatu kabla hajafa."

"Akafanyaje?"

"Alisimama. Alidhani mafuta yameibwa usiku, akafungua tangi achungulie. Yalikuwa yamejaa. Akafunga, tukaondoka, likaenda vizuri mpaka Kinango. Akasema shetani wake amepita."

"Yalikuwa yamejaa," akasema.

"Yalikuwa yamejaa."

"Na mbona hukusema, shemeji?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Juma lililofuata alirudi na fundi yule yule, na safari hii walikuja na madebe mawili ya dizeli. Shemeji alimwambia, nikisikia, "Siku ile lilikuwa limejaa. Siku ya Kinango lilikuwa limejaa. Wewe ulilijaribu likiwa nusu, maana lilizungushwa sana siku ya maziko, na kabla ya kulijaribu ulilifungua tangi ukatia mipira yako. Leo tulijaze, tufunge kama lilivyokuwa limefungwa, twende mpaka lami."

"Kaka, umekuwa fundi sasa?"

"Twende tu."

"Twende. Lakini ikienda vizuri unaninunulia nyama Ukunda."

Walikaa sana. Mavyaa aliniletea uji akakaa chini mlangoni kama kawaida yake, akichambua mchicha. Halafu nikasikia gari kwa mbali, likipanda kutoka upande wa mtoni, nikaweka bakuli la uji chini.

Lilikuwa linavuta na kuachia. Linashika, linalegea, linashika. Nilihisi uzito wa kichwa mapajani mwangu. Niliyatazama mapaja yangu, hapakuwa na kitu, leso tu.

Likaingia uani likitetemeka. "Usizime!" fundi alipiga kelele. "Wacha hivyo hivyo, usizime!" Nikasikia viatu vyake vikizunguka gari mpaka chini ya dirisha langu. Kisha sauti ya mpira mkavu ukisuguana na bati, na mara mfyonzo mrefu, fsssss, kama sufuria la wali likifunuliwa, ila hewa hii ilikuwa inaingia. Injini ikashtuka mara mbili ikatulia. Shemeji akakanyaga mafuta. Ikapanda bila kukatika hata pahali pamoja.

"Mama yangu!" fundi akasema. Akacheka peke yake. "Kaka, njoo uone. Njoo! Tangi ilikuwa inanyonga!"

Alimweleza, na alieleza vizuri, lazima niseme. Injini inavuta mafuta kutoka tangini, na mafuta yakitoka ni lazima hewa iingie mahali pake. Kifuniko cha gari lile kilitakiwa kiwe na kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Hiki hakikuwa na kitundu, na tena mtu alikikazia mpira wa tyubu wa kukatwa kwa mkono, mapande mawili, hata chembe ya hewa haipiti. Basi injini inavuta, tangi nalo linavuta upande wake. Tangi likiwa nusu, hewa iliyomo ndani inatosha kwa muda mrefu. Likijaa hakuna hewa, na baada ya robo saa ni kama kunyonya dafu lililotobolewa tundu moja huku mdomo umeliziba. Mafuta huja kidogo, hukatika, huja tena. Na kila anayefungua tangi kuangalia ugonjwa anautibu bila kujua.

"Si mguu wako, kaka. Hata mimi ningeendesha ingeruka hivyo hivyo. Niwie radhi kwa yale maneno ya juzi."

Nilisikia shemeji akizima injini.

"Ni nani alifunga huu mpira?" fundi akauliza.

"Atakuwa marehemu," shemeji akasema. "Alikuwa akipenda kujitengenezea mwenyewe."

Mavyaa aliinuka na mchicha wake, akatoka. Nilimsikia akisimama pale nje. Walimweleza upya, yeye akasikiliza mpaka mwisho. "Basi ni yeye mwenyewe," akasema. "Mungu amsamehe mwanangu. Kila nafsi na siku yake." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu hitma, "Njoo ule. Na huyo mtoto wa viazi aje ale. Mikono mkaoshe kule bombani, msinitilie dizeli na katika wali."

Nikasikia sahani. Nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, akimpakulia mwanawe. Mara moja, mara mbili. "Ongeza mchuzi. Umekonda kama mwiko wenyewe."

Kila mtu alikuwa ametua mzigo wake. Shemeji ametua, mavyaa ametua, na aliyebebeshwa yumo kaburini, halalamiki. Na mimi nilikuwa ndani ya eda. Hakuna aliyengojea niseme neno. Mwanamke wa eda akinyamaza anasifiwa.

Mpira ule niliufunga mimi.

Kifuniko cha asili kilipotea zamani, na mume wangu alikuwa akiziba mdomo wa tangi kwa kitambaa na makumbi ya nazi. Dizeli ilirukaruka njiani, harufu ikaingia ndani ya gari, ikaingia katika nguo. Hakuna kilichoharibika, gari lilikwenda. Baada ya Idi ndugu yangu mmoja alimwoza binti yake kwetu Gazi. Nilikwenda na buibui jipya na leso mpya, na nilipokaa mkekani na wanawake wenzangu mmoja akanusa nusa akasema, "Huyu ameolewa na mtu au na jenereta?" Wakacheka, nikacheka nao. Juma lile lile nilinunua kifuniko Ukunda. Hakikubana vizuri, nikakata tyubu la baiskeli kwa kisu cha jikoni nikakivisha. Mume wangu alipokiona alisema, "Umelifunga tangi kama chupa ya asali," akakiacha.

Watu wakinisikia nikisimulia hupenda kunisaidia. Husema, ulikuwa unamwonea huruma mumeo kwa ile harufu, kifua chake kilikuwa kibovu. Ningependa iwe hivyo. Sivyo. Kifua chake sikujua kama kina lolote. Nilifanya kwa ajili ya buibui.

Nikaenda dirishani. Sikufungua pazia, nililishika tu.

"Shemeji."

Vijiko vikaendelea.

"Shemeji. Si yeye. Mpira niliufunga mimi."

Vijiko vikasimama. Nikawaeleza yote, harusi, jenereta, kisu cha jikoni. Nilieleza kwa sauti ya kawaida kama ninayesoma orodha ya dukani. Nilipomaliza fundi ndiye aliyesema wa kwanza, na alisema kwa upole.

"Mama, hata gereji wako wengi hawajui hiyo. Mimi mwenyewe si nilifungua mara ya kwanza nikafunga tena? Nimeushika huo mpira na mkono wangu."

Shemeji akauliza, "Na ile ya klachi? Aliisema kweli?"

"Aliisema."

"Aliniona ni mimi."

"Alikuona ni wewe. Hakujua. Sote hatukujua."

Nikasikia kigoda kikiburuzwa. Shemeji aliondoka mezani, akaenda upande wa mgomba ulio nyuma ya choo, na huko akalia kama mwanamume anavyolia akidhani hasikiki. Mavyaa alifunika sufuria. Fundi alimaliza chakula chake, akashukuru, akaosha sahani mwenyewe. Kabla ya kuondoka alikuja chini ya dirisha langu. Nikasikia msumari ukipigwa kwenye kifuniko, mapigo matatu, na kisu kikikata mpira.

Mimi nilirudi kitandani. Nilingoja uchungu uje. Haukuja siku ile.

Mavyaa aliendelea kuniletea chakula. Ila alikuwa akikiweka mlangoni na kuondoka, hakukaa tena na mchicha wake. Nilihesabu siku tisa. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemrudishia mwana mmoja kwa mkono huu, na kwa mkono huu mwingine sikujua nimefanya nini. Hospitalini sikuuliza kama robo saa au nusu saa ingeleta tofauti. Hata sasa sijauliza. Watu husema siku yake ilikuwa imefika, nami naamini hivyo, sisemi kwa mdomo tu. Na pia najua kilima kile, na najua tulisimama pale. Mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu kama wapangaji wawili wa nyumba moja wasioamkiana.

Siku ya kumi mavyaa alileta wali na samaki, akaweka sahani chini, akakaa. Akaanza kunitolea miiba, kama alivyokuwa akifanya tangu nilipoolewa, kwa kuwa nilimwambia siku za mwanzo kwamba mwiba uliwahi kunikwama.

"Hiyo harusi," akasema bila kunitazama. "Ulivaa leso gani?"

"Ya manjano. Yenye pindo jekundu."

"Ile uliyonionyesha?"

"Ile ile."

"Ilikuwa nzuri," akasema. Akatoa mwiba mwingine akauweka ukingoni mwa sahani. "Kula."

Hakuliongelea tena, wala mimi.

Eda ilipokwisha nilioga, nikaswali, nikavaa nguo nyingine. Ilitakiwa niende kwetu Gazi kuwaamkia wazazi. Asubuhi ile nikasikia mavyaa akimwambia mwanawe, "Mpeleke mkaza kaka yako kwa gari. Nami nipitishe Msambweni wakati wa kurudi, nina wagonjwa wangu wa kuwatazama." Alisema kama jambo la kila siku. Shemeji akaenda kuchukua ufunguo uliokuwa umetundikwa msumarini tangu alipokwenda na fundi.

Mavyaa alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, mahali pale pale, kwa sababu hapakuwa na pengine. Tangi lilikuwa limejaa, shemeji alikuwa amelijaza makusudi. Robo saa ikapita. Mavyaa alishika kamba ya mlangoni. Kilima kikaja. Shemeji akashusha gia, gari likapanda polepole, sawasawa, bila mshtuko, likafika juu, likaanza kuteremka kuelekea lami.

Kwa kile kitundu cha msumari dizeli ilikuwa ikirukaruka kidogo. Harufu ikaanza kuingia. Ilikuwa harufu ile ile ya zamani, ya makumbi na kitambaa, ya miaka kumi na tisa. Ikaingia katika buibui langu.

Shemeji alinitazama katika kioo. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ya hospitali.

"Harufu inakusumbua, shemeji?"

"Inanisumbua," nikasema.

Akateremsha kioo cha upande wake. Mavyaa naye akateremsha cha kwake. Kifuniko hakuna aliyekitaja. Tukaenda hivyo mpaka Gazi, na nilipoteremka mama yangu alinikumbatia, akaninusa, akaanza kulia, na hapo ndipo na mimi nilipoanza.